Unity, Godot, Unreal au Phaser? Kuchagua injini ya gemu ukiwa na laptopu ya kawaida

Mpwa wangu amenunua laptopu ya mtumba Kariakoo: RAM GB 8, SSD ya GB 256, kadi ya michoro ni ile ya Intel iliyomo humo humo. Usiku wa siku hiyo hiyo akaniandikia WhatsApp: "Shikamoo mjomba. Nataka kutengeneza gemu ya bao, watu wacheze kwenye simu. Nianze na Unity au Godot? Kuna jamaa ananiambia Unreal ndiyo yenyewe."

Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa sauti. Nilipofika dakika ya sita nikaufuta. Swali lake, la injini ipi ya gemu (yaani programu ya kutengenezea gemu) mtu aanze nayo, wanaliuliza wengi, na majibu wanayopata mara nyingi ni ya ushabiki, kama Simba na Yanga: kila mtu anatetea alichozoea. Basi nimekaa chini nikaliandika jibu vizuri, na nimeongeza jina la nne ambalo jamaa yake hakulitaja kabisa, Phaser, kwa sababu ninazozieleza mbele.

Zote nne nimezipitisha kwenye kazi moja ndogo. Si bao zima, maana bao la Kiswahili lina namua, mtaji, nyumba, vichwa na vimbi, na kuziandika sheria zake sawasawa kunaweza kukumaliza mwezi mzima. Nilichukua kipande kimoja tu: ubao wa mashimo 32, ukigusa shimo kete zinachotwa na kusambazwa moja moja, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota tena na kuendelea. Kazi yenyewe ni ndogo lakini inaibana kila injini pale panapouma, yaani kwenye kusubiri. Ukiandika mzunguko wa kawaida (loop, amri zinazojirudia), kompyuta inamwaga kete zote kufumba na kufumbua, na mchezaji anashtukia ubao umeshabadilika. Unachotaka ni kila kete isubiri robo sekunde, isikike "tak", ndipo ifuate nyingine. Tena, kwa kuwa kwenye bao kuna kete zinazoweza kuzunguka bila kukoma, ukikosea kidogo unaigandisha mashine.

Vigezo

Nimeangalia mambo matano. Kwanza mashine na bando: injini inakula nafasi kiasi gani, inahitaji RAM ngapi, utaipakua kwa gharama gani. Pili kuandika: lugha gani, na siku msimbo (code) ukikukatalia, unaona nini. Tatu, mchezaji yuko wapi: Android, kivinjari, kompyuta, au vile vidude vya PlayStation na Xbox. Nne leseni na pesa. Tano, inamfaa nani. Kigezo cha "gemu zake zinapendeza" sijakiweka makusudi. Zote zina gemu zinazopendeza, na zote zina takataka.

Yaliyotokea tangu 2023

Kigezo cha leseni zamani watu walikiruka kama masharti ya benki. Tarehe 12 Septemba 2023 kikageuka kuwa cha kwanza. Siku hiyo kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya ya kulipia kila usakinishaji wa gemu, hadi dola 0.20 kwa kila mmoja kwa waliokuwa wamevuka viwango fulani vya mapato na idadi ya usakinishaji, kuanzia 1 Januari 2024. Watengenezaji wakawaka moto. Gemu ya bure yenye mamilioni ya watu wasiolipa chochote ingeweza kudaiwa zaidi ya inachoingiza. Na mtu akiifuta gemu kisha akaisakinisha upya, inahesabiwa mara ngapi?

Siku kumi baadaye kampuni ikalegeza masharti. Oktoba 2023 mkurugenzi wake mkuu, John Riccitiello, akaondoka. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili tangu siku ile, ada ikafutwa kabisa kwa watengenezaji wa gemu. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Re-Logic, waliotengeneza Terraria, walikwishatoa dola 100,000 kwa Godot na kiasi kama hicho kwa mradi mwingine wa chanzo huria (msimbo ulio wazi kwa yeyote), FNA. Mega Crit, wenye Slay the Spire, waliihamishia gemu yao ya pili Godot.

Huko kwingine nako hakukulala. Epic, wenye Unreal, tangu 2024 wanayatoza makampuni makubwa yasiyo ya gemu kwa kila kiti, yaani kila mtu anayeitumia, dola 1,850 kwa mwaka. Google Play ikawakazia wapya: akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima gemu yake ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. (Walianza na watu 20, wakapunguza.) Hili halichagui injini, linakukuta popote ulipo. Kwa hiyo anza kuwahesabu binamu zako wenye Android mapema.

Unity

*Mashine na bando.* Unapakua kwanza Unity Hub, kisha toleo la injini, kisha moduli ya Android pamoja na vifaa vyake. Ukimaliza, GB 10 na ushee zimekwenda kwenye diski kabla hujaandika mstari mmoja. Kwenye RAM GB 8 inafunguka na inafanya kazi, ila funga Chrome. Kila unapobadilisha msimbo na kurudi kwenye dirisha lake kuna kausubiri kadogo, inasoma upya kila kitu. Kwenye mashine nzuri hukaoni. Kwenye ile ya mpwa wangu ni muda wa kuonja chai.

*Kuandika.* Lugha ni C#. Kusambaza kete unatumia coroutine, kipande cha msimbo kinachoweza kusimama kisha kikaendelea, na mstari wenyewe ni huu: `yield return new WaitForSeconds(0.25f);`. Ukishauelewa mara moja umeuelewa maisha. Ila kuna jambo linalowauma wageni: ukibonyeza Play, gemu inakimbia ndani ya injini yenyewe. Nilisahau kuweka ule mstari wa kusubiri, kete zikaingia kwenye mzunguko usiokoma, na si gemu tu iliyoganda bali Unity yote. Nikaiua kwa Task Manager, na mpangilio wa ubao niliokuwa sijauhifadhi ukaenda nayo. Kadhalika chochote unachokirekebisha wakati Play imewaka kinarudi kilivyokuwa ukiizima. Utatukana siku ya kwanza, siku ya pili utazoea.

*Mchezaji yuko wapi.* Hapa ndipo Unity ilipojengea jina. Android, iPhone, Windows, Mac, vidude vya sebuleni, kivinjari, vyote vimo, na Unity 6 iliyotoka Oktoba 2024 ikaongeza vivinjari vya simu rasmi. Pokémon GO, Among Us, Genshin Impact na Hollow Knight ni za Unity. Kama unataka matangazo ndani ya gemu au ununuzi wa vitu vya ndani, maktaba (misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine) zipo na zimeshachezewa na watu wengi, na kila kosa utakalolipata kuna mtu alishalipata akaliuliza.

*Leseni na pesa.* Unity Personal ni bure mpaka mapato na fedha ulizochangiwa zivuke dola 200,000 kwa miezi 12. Walipofuta ile ada ndipo wakapandisha kiwango hiki kutoka 100,000, na kwenye Unity 6 nembo yao wakati gemu inafunguka ikawa hiari. Ukivuka, unahamia Pro, ambayo Januari 2025 ilipanda hadi dola 2,200 kwa kiti kwa mwaka. Wengi wetu tungeomba tupate tatizo hilo. Swali la kweli ni kama unawaamini wasibadilishe tena.

Lingine la karibuni: tarehe 2 Oktoba 2025 Unity walitangaza tundu la usalama lililokuwamo tangu toleo la 2017.1. Marekebisho yalitoka papo hapo, lakini mwenye gemu ya zamani dukani ilimbidi aijenge upya au aibandike kiraka. Ukifuata somo la YouTube la 2021, usifuate na toleo la injini la 2021.

*Inamfaa nani.* Anayetafuta ajira kwenye studio za gemu za simu, anayefanya kazi za wateja (maonyesho ya nyumba, mafunzo ya VR), na anayetaka gemu moja ifike kila mahali.

Godot

*Mashine na bando.* Zip ya injini haifiki MB 100. Unaifungua, unabonyeza mara mbili, inafunguka. Hakuna kusakinisha, hakuna akaunti. Nilimtumia rafiki yangu kwa flashi na siku hiyo hiyo akaanza. Lakini watu husifia hapo wakanyamaza. Ukitaka kutoa gemu kwa Android au kivinjari unapakua na violezo vya kutolea, karibu GB 1, na kwa Android unaongeza Java na Android SDK, vifaa vya kujengea programu za Android. Bado ni chini sana ya Unity, ila si MB 100 zile za matangazo.

Kwenye laptopu yenye kadi ya Intel ya zamani, unapofungua mradi mpya chagua njia ya uchoraji iitwayo Compatibility, inayotumia OpenGL, njia ya zamani ya kuongea na kadi ya michoro. Ile ya kwanza kwenye orodha, Forward+, inataka kadi inayojua vizuri Vulkan, njia mpya zaidi. Nimeona watu wawili wakiitupa Godot kwa sababu ya kubonyeza chaguo lile moja. Na asiye na laptopu kabisa? Kuna Godot ya Android. Kwenye tableti inafanyika, kwenye simu ya inchi sita ni kujitesa.

*Kuandika.* GDScript inafanana na Python, na ukitaka C# ipo pia. Kusubiri ni mstari mmoja: `await get_tree().create_timer(0.25).timeout`. Nilipourudia makusudi ule uzembe wa mzunguko usiokoma, dirisha la gemu liliganda lakini injini ikabaki salama, kwa sababu gemu inakimbia kama programu ya pembeni. Nikalifunga dirisha nikaendelea. Kwa anayejifunza, ambaye makosa ndiyo chakula chake cha kila siku, tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika.

Kila kitu ni nodi (kipande cha kujengea) ndani ya nodi: ubao una mashimo, shimo lina picha, sauti na eneo la kuguswa. Shimo moja nililihifadhi kama kipande chake peke yake, nikalizidisha mara 32. Kazi ya kete niliimaliza hapa haraka kuliko kwenye zile nyingine mbili kubwa. Nikiri tu kwamba gemu ya 2D yenye vitu vya kubonyeza ndiyo uwanja wa nyumbani wa Godot. Ningepima kwa gemu ya magari ya 3D yenye mji mzima, mambo yangekuwa mengine.

*Mchezaji yuko wapi.* Kompyuta na Android, vizuri. Kivinjari, ndiyo, lakini na vikwazo. Godot 4 ilipotoka Machi 2023, gemu za kivinjari zilihitaji mipangilio maalumu ya seva ambayo mwenye hosting ya bei rahisi hana uwezo wa kuigusa. Toleo la 4.3 la Agosti 2024 likarudisha njia isiyohitaji hayo. Mradi wa C# bado hautoki kwenye kivinjari kwa Godot 4, kwa hiyo kama lengo ni wavuti andika GDScript. Na faili la injini kwa kivinjari linapita MB 30 kabla ya kubanwa, mzigo wa kuusubiri kwa mchezaji mwenye bando la siku. PlayStation, Xbox na Switch hazimo ndani ya Godot yenyewe, unapitia kampuni za kati.

*Leseni na pesa.* MIT, leseni huria isiyodai malipo. Godot ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur huko Argentina na ikawa chanzo huria 2014. Hakuna mrabaha (kukatwa asilimia ya mapato), hakuna kiwango cha mapato, hakuna wa kubadilisha masharti ya toleo ulilonalo. Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kumpigia simu pia.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza peke yake kwenye mashine dhaifu, mwalimu mwenye maabara ya kompyuta za shule, studio ya watu wawili inayofanya 2D. Brotato, Dome Keeper na Cassette Beasts zimetoka humu na zikauzwa. Ajira zinazoitaja kwa jina ni chache kuliko za Unity, hilo lijue mapema.

Unreal

*Mashine na bando.* Epic wanapendekeza RAM GB 32 na kadi ya michoro yenye GB 8 zake. Upakuaji ni makumi ya GB. Niliwahi kuianzisha saa sita usiku kwa bando la usiku, nikaamka imefika nusu na diski imelia. Kwenye laptopu ya mpwa wangu sikuijaribu, nilitumia kompyuta ya mezani ya rafiki, na hata pale feni ilivuma kama mashine ya kusaga.

*Kuandika.* C++ au Blueprint, ile ya kuunganisha visanduku kwa nyaya bila kuandika. Blueprint ni nzuri kweli. Msanii asiyejua kuandika programu anaweza kuwasha taa, kufungua mlango na kuendesha gari kwa siku moja. Ila kete zangu zilinasa kwenye mtego maarufu wa wageni: niliweka kisanduku cha Delay (subiri) ndani ya ForLoop (mzunguko). Mzunguko haumsubiri Delay, unakwisha papo hapo, na Delay ikishaanza kuhesabu inazipuuza hodi zote zinazofuata. Kete saba zilichotwa, ikaanguka moja, tena si kwenye shimo nililolitarajia. Dawa ni kutumia kipima saa kinachoita tukio tena na tena. Kwa upande mwingine, mzunguko usiokoma ukiuandika kwa Blueprint, Unreal inaukamata na kukuonyesha ulipotokea, jambo ambalo Unity haikunifanyia.

*Mchezaji yuko wapi.* Kompyuta zenye nguvu na vidude vya sebuleni. Fortnite ni yao, Black Myth: Wukong ya 2024 imejengwa juu ya Unreal Engine 5, na CD Projekt Red walitangaza 2022 kwamba wanaiacha injini yao wenyewe kwa ajili yake. Android inatoka, lakini simu nyingi zilizoko mikononi mwa watu wetu zitaikimbia. Kivinjari hakimo tena, walishakitoa siku nyingi.

*Leseni na pesa.* Bure mpaka gemu iingize dola milioni 1, baada ya hapo mrabaha wa asilimia 5 kwa kinachozidi. Tangu 2025 unashuka hadi 3.5 ukiitoa gemu kwenye duka la Epic kwa wakati mmoja na kwingineko. Ni masharti mepesi kuyaelewa, na kwa anayeanza ni sawa na bure.

*Inamfaa nani.* Timu yenye mashine, na hata asiyetengeneza gemu: msanifu majengo anayetaka mteja atembee ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, au mtu wa video. Mfumo wake wa mwanga, Lumen, na ule wa maumbo yenye mamilioni ya pembetatu, Nanite, vinafanya kwa muda mfupi kazi ambayo zamani ilikuwa ya wiki. Kwa ubao wa bao ni kuua mbu kwa rungu.

Phaser

*Mashine na bando.* Hii si injini yenye dirisha lake. Ni maktaba ya JavaScript, faili moja la takriban MB 1 likishapunguzwa. Unachohitaji ni kivinjari, VS Code au Notepad++ yoyote, na seva ndogo ya kwenye mashine yako. Ukifungua tu index.html kwa kubonyeza mara mbili, kivinjari kitakataa kusoma picha zako na utadhani umekosea msimbo. RAM GB 4 inatosha. Umeme ukikatika unaendelea na betri, haikaushi.

*Kuandika.* JavaScript au TypeScript. Kusubiri ni `this.time.delayedCall(250, ...)`, na ukitaka kete iruke kwa madaha kutoka shimo hadi shimo unatumia tween, inayosogeza kitu taratibu toka hapa hadi pale. Mzunguko usiokoma unaigandisha tabo moja, unaifunga. Ugumu wake uko kwingine: hakuna mahali pa kuburuta vitu kwa kipanya. Mashimo 32 niliyapanga kwa hesabu za x na y, nikisahihisha namba na kufungua upya ukurasa mpaka safu zikanyooka. Aliyezoea CSS atajisikia nyumbani, mwenzangu mchoraji aliondoka baada ya nusu saa.

*Mchezaji yuko wapi.* Kwenye link. Unaituma kwenye kundi la WhatsApp, mtu anabonyeza, anacheza. Hakuna kusakinisha, hakuna "simu yangu imejaa". Kwenda Google Play inawezekana kwa kuivalisha gamba la Capacitor (kifaa cha kugeuza ukurasa wa wavuti kuwa programu ya simu) au mfano wake, lakini hapo unaanza kuongeza vipande na kila kipande kina siku yake ya kuharibika. 3D, sahau.

*Leseni na pesa.* MIT pia. Richard Davey aliitoa mara ya kwanza 2013. Kuweka gemu hewani kunaweza kuwa bure kabisa kwa huduma kama GitHub Pages au itch.io.

*Inamfaa nani.* Mtu wa wavuti anayetaka gemu bila kujifunza dunia mpya, mwalimu anayetaka jaribio la kuchezeka darasani, kampuni inayotaka kigemu cha tangazo. Usiidharau: Vampire Survivors ilianza kwa Phaser, ikawa gumzo, ndipo baadaye ikahamishiwa Unity ilipotaka kwenda mbali zaidi.

Kwa hali yako

Una laptopu ya RAM GB 4 na hujawahi kuandika programu. Phaser kama tayari umeonja HTML kidogo, Godot kama hujaonja chochote na unataka kuona vitu ukiviburuta.

Una GB 8, unataka gemu ya 2D dukani Google Play. Godot au Unity, zote zitakufikisha. Kama utategemea matangazo kwa mapato, pima uzito upande wa Unity kwa sababu ya maktaba zake. Kama hofu yako ni masharti kubadilika katikati ya safari, pima upande wa Godot. Kwa vyovyote angalia toleo: tangu Novemba 2025 Google Play inadai gemu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu yakubali kurasa za kumbukumbu (mafungu ambayo simu hugawia RAM) za KB 16, na matoleo ya zamani ya injini hayazijui. Kwa Godot anzia 4.5. Ada ya kufungua akaunti ni dola 25 mara moja. Apple wanataka 99 kila mwaka, na Mac ya kujengea.

Unatafuta kazi. Soma kwanza matangazo ya kazi ya mahali unapotaka kwenda, mji au kampuni, uhesabu jina lipi linajirudia. Kwa simu mara nyingi utakuta Unity, kwa studio kubwa na kazi za filamu Unreal. Injini unayoipenda na injini inayolipa kodi ya nyumba si lazima ziwe moja.

Mna timu ya watu watatu, mmoja mchoraji wa 3D, na kompyuta yenye kadi nzuri. Unreal sasa inaleta maana, hasa kama mnalenga Steam, duka la gemu za kompyuta, ambako kila gemu inaingia kwa dola 100. Jaribuni wiki mbili kwa Blueprint tupu kabla ya kugusa C++.

Unafundisha. Chukua inayoingia kwenye flashi.

Tayari uko katikati ya gemu kwa injini fulani na umesoma habari zikakutia wasiwasi. Imalize. Gharama ya kuhama ni kuandika upya karibu kila kitu isipokuwa picha na sauti, na gemu ya pili ndiyo nafasi ya kubadilisha.

Mpwa wangu anajua HTML ya shuleni, na bao lake anataka wazee wa kijiweni kwao walicheze bila kusakinisha kitu. Ameanza na Phaser. Juzi alinitumia link. Kete zinaanguka moja moja, "tak, tak", sauti amerekodi mwenyewe kwenye bao la babu yake. Kuna kosa moja: zikifika kwenye nyumba zinachotwa na kupitiliza, bila kumuuliza mchezaji kama analala (anaishia hapo) au anasafiri (anaendelea nazo). Mzee mmoja amekwishalalamika.